Kemia Ianzie Kwenye Tanuri la Chokaa

Mwanafunzi wa pwani hukaririshwa kwamba maada hubadilika kwa njia mbili, kiumbo na kikemikali, kisha hupewa mfano wa barafu. Si mfano mbaya, ila kuta za Lamu na Kilwa Kisiwani zina mengi zaidi ya kumfundisha.

Zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Tumbawe likipondwa kwa nyundo limebadilika kiumbo tu. Vipande vyake bado ni kalsiamu kabonati. Likichomwa tanurini kwa takriban nyuzijoto 900 za Selsiasi, ni habari nyingine kabisa. Kilo 100 za kalsiamu kabonati safi hutoa kilo 56 za chokaa isiyozimwa na kilo 44 za hewa ya ukaa. Hakuna kilichopotea! Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka, hufuka mvuke na kusambaratika kuwa unga mweupe. Ikipakwa ukutani, hufyonza polepole hewa ya ukaa na kurudi kuwa kalsiamu kabonati.

Somo hilo linastahili kipindi kizima, na mizani mezani. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho, kwa hiyo aishike mwalimu aliyevaa glavu na miwani. Wanafunzi wapime na kuandika wanachokiona.