Mtoto aseme anachokiona kwenye picha

Katika shule nyingi za msingi hapa Kalemie, mwalimu anasema, darasa linarudia. Anaandika ubaoni, watoto wanakopi kwenye kaye. Mtoto anaweza kufika darasa la nne bila kuulizwa hata siku moja: wewe unafikiri nini?

Anayenyamaza zaidi ni mtoto aliyehama. Vita vya Watwa na Waluba vya 2016 na 2017 vilizifikisha familia nyingi Katanika, Kalunga na Kabubili. Mwaka 2025 wakaja wengine kutoka Kivu ya Kusini. Mtoto aliyepoteza miaka ya masomo anakaa nyuma, anaogopa kuchekwa kwa Kifaransa chake.

Maoni yangu: kitabu cha picha, hata kimoja tu kwa darasa zima, kinaweza kumfungua kinywa. Mwalimu akionyesha picha ya mtumbwi ziwani, mmoja atasema watu wanaenda kuvua ndagala usiku. Mwingine atasema wanakimbia. Wa tatu atasema wanapeleka bibi arusi. Hakuna aliyekosea. Mwalimu anauliza tu: umeonaje hivyo? Na kisha nini kitatokea? Ndipo mtoto anagundua kwamba wazo lake lina maana mbele ya wenzake.

Na waseme kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia.

Wengine watajibu: tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mtihani wa darasa la sita unangoja. Ni kweli. Lakini mtoto asiyeweza kupanga hadithi mdomoni ataiandikaje kwenye karatasi ya mtihani? Dakika 20 kwa juma hazivunji programu. Wakiwa wengi, wagawanywe vikundi, kila kikundi kitoe mwisho wake wa hadithi.

Vitabu vitatoka wapi? African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa bure kwenye intaneti hadithi za picha, zikiwemo za Kiswahili, na unaruhusu kuzichapisha. Pasipo umeme wala mashine, karatasi nne za kaye zikikunjwa na kushonwa kwa uzi ni kitabu. Watoto wachore kwa makaa, wazazi walete hadithi za kwao.

Walimu, jambo moja tu: msimlazimishe mtoto kuchora vita. Akivichora mwenyewe, msikilizeni, msimpigishe picha kwa ajili ya wageni.

Ninyi wakuu wa shule, tengeni hizo dakika 20. Nasi wazazi, mtoto akirudi na mchoro wake, kambini au mjini, tusiulize kwanza amepata pointi ngapi. Tumwambie: nisimulie.