*TAMKO LA TAWI: NDEGE TUNAZO, SASA TUDAI HESABU*

Ndugu wanachama,

Kwenye kundi letu wiki hii kumekuwa na ubishi: Shirika letu la Ndege liuzwe au libaki mikononi mwa Serikali? Msimamo wa Tawi ni kwamba libaki, ila lisimamiwe.

Tukumbuke tulikotoka. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Kenya ikaunda lake, nasi Machi mwaka huo tukaunda Air Tanzania. Mwaka 2002 tukawauzia South African Airways asilimia 49 ya hisa. Mwaka 2006 ubia ukavunjika. Desemba 2008 shirika likanyang'anywa cheti cha kuruka. Kufikia 2016 lilibaki na ndege moja tu inayoruka. Septemba mwaka huo Serikali ikaleta Bombardier Q400 mbili, na nyingine zikafuata.

Umma uliendesha peke yake, ukaendesha na mbia, na kote shirika likayumba. Kwa hiyo swali kubwa si nani ana hisa, bali nani anaulizwa hesabu. Ndege ikikaa chini, deni halilali. Na hasara hiyo hulipwa hata na mkulima ambaye hajawahi kupanda ndege.

Ripoti ya CAG ikitoka, tuisome. Tumuulize Mbunge wetu: safari ipi inalipa, ipi inakula, nani kawajibika?

Tulizishangilia zilipotua. Tuzilinde zisiozee uwanjani.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi_