Anayelipia Jiwe Naye Amelitupa



Mkutano wa kampeni unapovunjwa kwa mawe, mabango yakararuliwa na vibanda vya akina mama vikaporwa, huwa tunaambiwa kwamba huo ni utundu wa vijana. Huo ni uongo. Kijana asiye na nauli ya kwenda mjini hawezi kukodi lori, kununua marungu na kuwalipa wenzake. Yuko aliyelipa.

Jambo hili halikuanza jana. Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, tulitarajia ushindani wa hoja. Badala yake, nyumba za Bonde la Ufa zilichomwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu watu 779 waliouawa na kuwataja wakubwa. Bunge la 1992 likaikataa ripoti hiyo. Agosti 1997 Likoni ikawaka moto. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, lakini ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi 2002. Kisha, tarehe 1 Januari 2008, akina mama na watoto waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa katika ghasia hizo kuwa 1,133.

Ripoti tatu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyefungwa. Mwenye kulipa akiona hivyo, kwa nini asilipe tena?

Wala sisi tuliopigania vyama vingi tusijifanye watakatifu. Jiwe lililotupwa na mpenda mageuzi halina ubatizo. Hupasua kichwa kama jiwe lingine lolote. Anayerarua bango la mpinzani wake ameungama kwamba hana hoja ya kumjibu.

Kwa hiyo, wanaharakati, msiishie kulaani. Andikeni nambari za magari yanayoleta wahuni, saa na mahali, mkawe mashahidi mahakamani. Nanyi waumini, mgombea anayelisha wahuni Jumamosi asipewe mimbari wala harambee Jumapili. Mabati ya kanisa yaliyonunuliwa kwa fedha za namna hiyo hayatamkinga mtu. Waliokimbilia Kiambaa walikuwa chini ya paa la kanisa.

Nanyi vijana, mwulizeni anayewapa mawe: mwanawe yuko wapi leo? Kama hayupo nanyi barabarani, rudini nyumbani.