Tambi za mwani za pakiti, na mwani wenyewe tumeuacha kwenye polo

Haya wandugu, nimekuwa kimya wiki tatu. Msuli umenikaba, bumu nalo linajua lenyewe lilikojificha. Leo nimekuja na ugomvi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Ugomvi wenyewe ni huu upepo wa tambi za mwani ulioingia hosteli. Mmeziona. Pakiti ya nailoni, ndani nyuzi nyeupe zinazopitisha mwanga kama mshipi wa kuvulia, zinaogelea kwenye maji. Zilianzia chumbani kwetu, mwenzangu ana shangazi Marekani, kamletea pakiti nne. Sasa kila mwenye ndugu huko anaagiza. Sifa zake eti ni chakula kibichi, chakula "hai", mlo wa dakika kumi usiojua moto. Na kwa kuwa humu ndani kupika ni marufuku, ukikamatwa na koili unaitwa ofisini kama mwizi wa kuku, naelewa kabisa kwa nini watu wamezipenda.

Nimezila, sisemi kwa kusikia. Unazisuuza, unazikata kwa mkasi maana hazina mwisho, unakamulia limao, unanyunyizia soda ya kupikia na maji ya vuguvugu kidogo, halafu unazifikicha mpaka zilegee. Usipofanya hivyo zinalia kru kru mdomoni kama unatafuna raba. Zikilegea unasuuza tena, unaweka parachichi, nyanya, kitunguu, karanga za kusaga, pilipili. Mlo tayari. Mtamu? Mtamu. Lakini tusidanganyane jamani, kitamu pale ni parachichi na karanga. Tambi zenyewe hazina ladha ya kitu chochote duniani. Hata bahari hazinukii!

Sasa hili neno "mbichi". Someni nyuma ya pakiti: maji, mwani, na kitu kinaitwa aljineti ya sodiamu. Hiyo ya tatu ndiyo tambi yenyewe. Wanachukua mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, unachemshwa kwenye maji yenye magadi mpaka ute wake utoke, unachujwa, unasafishwa kwa kemikali, unakaushwa kuwa unga. Unga ukishakorogwa na maji, unasukumwa kwenye vitundu na kudumbukizwa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu, papo hapo unaganda kuwa nyuzi. Ndiyo maana limao na soda vinazilegeza, vikikutana vinatoa kitu kinachoinyang'anya tambi kalsiamu yake. Wa kemia watanisahihisha nikikosea maneno, ila hapo pa kubadilisha hawana. Hawa watu wa mlo mbichi wa Marekani wana sheria zao, wengi wanasema chakula kisipite nyuzijoto 48 hivi. Haya, huo mwani uliochemshwa kiwandani umepita ngapi? Kilicho kibichi kwenye hiyo sahani ni nyanya.

Tambi hizi asili yake ni Korea, na kule mara nyingi utaziona zimetandikwa chini ya samaki mbichi kama pambo la sahani, au zimechanganywa kwenye saladi. Hakuna Mkorea anayezifanya chakula cha kumvusha mtu wiki ya UE. Pakiti nzima haina kalori za ndizi moja. Na hapa dada zangu naomba tuongee taratibu. Kuna mtu ninayemjua, simtaji, alikula hizo tambi asubuhi na jioni siku tatu mfululizo kwa ajili ya dayati, akaingia kwenye test anatetemeka mikono. Kisa eti ni "afya". Hiyo ni njaa, tofauti yake na njaa ya kawaida ni kwamba imelipiwa kwa dola.

Lakini hayo yote ningeyanyamazia. Kilichonifanya nikae nichape ni kauli moja. Nilifungua polo nililotumiwa na mama mdogo kutoka Pemba, lina mwani mkavu, huyo huyo mwenye tambi akaziba pua: "Uwii, huo mwani wa kuuza, nao unaliwa?"

Unaliwa. Sikilizeni.

Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa anautafiti mwani wetu tangu miaka ya 1970, lakini mbegu zilizopandwa zilitoka Ufilipino. Na huko Ufilipino, hasa visiwa vya kati, mwani wa jamii hiyo hiyo wanauita guso, wanaukata, wanautia siki au ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili, wanakula. Ni kachumbari, wandugu. Kachumbari kabisa! Wao wanaufuga na kuula. Sisi tukaletewa mbegu, kamba, vigingi na mnunuzi. Mapishi yakabaki Ufilipino.

Mnaona matokeo yake? Mkulima wa mahindi akiona bei ya mnunuzi ni ya kumtukana, anarudisha gunia ndani, wanawe wanakula ugali. Mkulima wa mwani anarudisha nini? Mama mdogo anasubiri bamvua, maji yakitoka anaingia nayo mpaka yafike kiunoni, jua la utosi, anafunga vipande kwenye kamba kimoja kimoja. Wiki sita hivi ndio avune. Kilo saba nane za mbichi zikishaanikwa zinabaki kilo moja. Halafu mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni, na mama mdogo anaichukua kwa sababu hajui mtu mwingine yeyote anayeutaka. Zaidi ya watu 20,000 visiwani wanaishi na kazi hii, walio wengi ni wanawake. Tena ule mwani wenye bei nzuri zaidi, kotonii, umekuwa ukifa kwa joto la maji kwenye mashamba mengi, wengi wamebaki na spinosi wa bei ya chini. Zao lisilo na mlaji nyumbani halina pa kukimbilia.

Unakwenda wapi huo mwani? Unatolewa ute unaoitwa karajinani, unazitia uzito aiskrimu, maziwa ya chokoleti na dawa za meno. Kwa hiyo ninyi mnaoziba pua, huenda mmeupigia mswaki asubuhi.

Najua mtakachosema. Kwanza, kwamba mwani wetu hautoi tambi hizo. Kweli, wetu ni mwekundu na ute wake ni wa aina nyingine. Sijasema tutengeneze tambi. Pili, kwamba wapo wanaoufanyia mengi. Wapo, na nawavulia kofia. Dk. Flower Msuya na wenzake walianzisha umoja wa wadau wa mwani Zanzibar mwaka 2006, akina mama wakafundishwa kutengeneza sabuni, jemu, juisi. Lakini nenda dukani uone anayenunua sabuni ile ni nani. Mtalii. Sisi wenyewe bado tunasubiri mwani uende Marekani, urudi umevaa nailoni, ndio tuuheshimu. Tatu, eti unanuka. Mtu anayekula dagaa wa kukaanga saa nne usiku ndani ya chumba cha watu wanne asiniambie habari za harufu.

Basi mlo wenyewe huu hapa, hauhitaji koili. Chukua mwani wa mkulima, si ule uliotupwa ufukweni na mawimbi. Kung'uta, chambua vijiti na mchanga. Osha mara tano, sita, mpaka maji yabaki meupe na chumvi ipungue. Loweka usiku kucha kwenye maji salama ya kunywa, narudia, ya kunywa, msije mkanilaumu kwa matumbo, na ukiamka usiku ubadilishe maji. Asubuhi umevimba, unakatika vizuri kwa meno. Ukipata maji ya moto kwa mama ntilie umwagie na uchuje hapo hapo, maana ukiuacha unaanza kuyeyuka na kuwa gundi. Kwa sheria za wale wa Marekani hautakuwa mbichi tena, shauri yao. Katakata vidogo, ndimu, kitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili mbuzi. Chumvi usiguse kabla ya kuonja. Parachichi likiwepo, weka. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo amuulize daktari kwanza kwa sababu ya madini ya joto. Na haushibishi peke yake, hilo siwafichi, ule pembeni ya wali maharage wako kama unavyokula kachumbari nyingine yoyote.

Mwenzangu kaonja jana. Kasema unashinda tambi ila umezidi tangawizi. Bado ninao karibu kilo mbili, nauuza kwa bei atakayoitaja mama mdogo, si mnunuzi wake, na fedha yote inakwenda Pemba. Anayetaka anajua chumba. Aje na chombo chake, na ndimu zake.