Vitabu Bora vya Mwaka: Bora kwa Nani?

Imekuwa desturi ya kurasa za utamaduni, kila mwaka uelekeapo ukingoni, kuwaita watu watatu au wanne wenye majina ili wataje vitabu vilivyowapendeza. Desturi yenyewe haina ubaya. Ubaya umo katika masharti yake, ambayo hayaandikwi popote lakini hufuatwa na wote: kitabu sharti kiwe kimetoka mwaka ule ule, sharti kiwe kimepata tuzo, au kimeingizwa katika mtihani, na mwenye kukitaja sharti akisifu kwa maneno ambayo yangefaa kukisifia kitabu kingine chochote. Orodha ikisha kuchapwa, msomaji wa Mbarara huisoma kama mtu asomavyo ratiba ya treni katika mji usiokuwa na reli.

Nasema waziwazi kwamba orodha za namna hiyo ni matangazo ya biashara, na walimu wa Kiswahili hatuna sababu ya kuwafanyia wachapishaji kazi ya bure. Mwaka wa kitabu ni mwaka kilipomfikia msomaji. Kama kimechukua miaka hamsini njiani, hiyo ni hesabu ya barabara, ya fedha na ya vita, msomaji haimhusu. Akikifungua leo na kikamkosesha usingizi, basi ni kitabu cha mwaka huu, hata kama mwandishi wake alikwisha zikwa kabla msomaji hajazaliwa.

Jambo hili laonekana vyema zaidi Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na hadi leo hayajafungwa. Leo wamo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mkongo wa Fizi na Mrundi wa Makamba wanapokutana kisimani, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Lakini vitabu vya lugha hiyo hufika huko kwa kubahatisha. Kimoja huletwa na mwalimu katika mfuko, kingine hutoka Mbarara juu ya bodaboda kikiwa kimefungwa pamoja na unga, na kikifika huwa hakirudi tena, maana kina foleni. Nimeshika huko nakala ambayo jalada lake la nyuma lilikuwa kipande cha boksi la sabuni, kimeshonwa kwa uzi wa gunia kwa ustadi kuliko ule wa kiwanda.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba Uganda haina wasomaji wa Kiswahili. Husemwa hivyo Dar es Salaam na Nairobi, na kwa masikitiko makubwa zaidi husemwa Kampala kwenyewe. Wasemao hivyo wamesahau kwamba tangu mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere, na jarida lake lilihaririwa huko huko. Kilichofuata ni historia ya amri. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri tatu! Na wazee wa Mbarara, ambao mji wao ulibomolewa katika vita vya mwaka 1979, wengi wao huikumbuka lugha hii katika vinywa vya watu wenye bunduki. Serikali yaweza kukifanya Kiswahili kuwa cha lazima kwa uamuzi wa siku moja, lakini haiwezi kumwamuru mtoto akipende kitabu. Kazi hiyo imeachwa mikononi mwetu, nasi tunaifanya vibaya.

Tunaifanya vibaya kwa sababu wengi wetu tunafundisha vitabu ambavyo hatujapata kuvipenda. Mwalimu mmoja, mtu msomi, aliniambia kwamba mapenzi kwa kitabu si hoja, na kwamba mhakiki wa kweli huchambua fani na maudhui, kisha hunyamaza. Hasha! Nimesoma mapitio mengi yaliyoandikwa kwa kanuni hiyo. Dhamira zimepangwa, wahusika wamegawanywa wakuu na wadogo, tamathali zimehesabiwa kama mayai, na mwishoni huwezi kujua kama mhakiki alikisoma kitabu hadi usiku wa manane au alikitupa chini ya kitanda. Ladha isiyoelezwa si hoja, hilo nakubali. Ladha iliyoelezwa, pamoja na sababu zake na mahali ilipozaliwa, ndiyo uhakiki wenyewe. Kwa hiyo nitataja vitabu vyangu vya mwaka huu, na asiyekubaliana nami aandike vyake.

Cha kwanza ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Yeye mwenyewe aliondoka Unguja akiwa kijana, akafika Uingereza mwaka 1968 kama mkimbizi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli. Habari ni ya kijana Yusuf, ambaye babake amemtoa kwa tajiri Aziz kulipia deni, naye akachukuliwa katika msafara wa biashara unaokwenda bara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wahakiki wameisifu sana, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya haki. Ila wengi wameisoma wakiwa wamesimama pwani, wakiutazama msafara ukiondoka. Sisi tuliisoma Nakivale, mahali ambapo wasomaji ni wajukuu wa wale waliouona msafara ukija.

Tulipofika katika mazungumzo ambamo watu wa msafara wanawataja wenyeji wa bara, mama mmoja wa Kikongo, ambaye ni mshonaji, aliweka kitabu chini akaniuliza: "Mwalimu, hao bashenzi benye banasema humu, si ni sisi?" Sikupata kuona swali hilo katika pitio lolote. Gurnah hawasifu wasemaji hao; kejeli yake ni kali na msafara wake unaishia katika aibu na hasara. Hata hivyo macho tuliyopewa ni ya Yusuf, na watu wa ng'ambo ya ziwa huonekana kwa mbali, katika moshi na hofu. Katika Kiingereza msomaji wetu aliweza kujificha nyuma ya lugha ya kigeni. Katika Kiswahili hana pa kujificha, kwa sababu tusi limesemwa kwa lugha anayomlelea mwanawe. Hiyo ndiyo sababu naipenda tafsiri hii kuliko asili yake: imekipeleka kitabu mbele ya watu wenye haki ya kukijibu.

Nao walijibu, hata nikaona haya kurudi Mbarara mikono mitupu. Juma lililofuata nilipeleka maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Yalichapwa kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa juhudi za Heinrich Brode, kisha W. H. Whiteley akayatoa upya kati ya mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida lile lile la Kamati nililolitaja, wakati makao yake yako Makerere. Basi kitabu hiki kina haki ya kuitwa cha nyumbani, ingawa sijui ni Waganda wangapi wenye kukidai. Si kitabu cha kupendwa kwa urahisi. Msimulizi anahesabu pembe, bunduki na vichwa vya watu kwa sauti moja, wala hajiulizi lolote. Kwake yeye nchi ya Manyema ni mahali pa kupata. Lakini huwezi kueleza Kiswahili kilifikaje Kasongo bila ya kumsikia mtu huyu, na wasomaji wa Nakivale walimsikia kwa makini ambayo sijawahi kuyaona darasani. Mzee mmoja alisema kwamba sasa amejua ni nani aliyemwachia babu yake lugha hii, na kwamba lugha ataendelea nayo ila shukrani hatoi.

Niwaulize wale wanaodai kwamba Wakongo hawa wafundishwe kwanza Kiswahili sanifu ndipo wapewe vitabu: ni somo gani la ngeli litakalomfikisha mwanafunzi kwenye sentensi kama ile ya mzee? Sanifu ina kazi yake, nami naifundisha na kuisahihisha kila siku. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba lugha ya mamake ni mbovu hatakuja kukisoma kitabu chetu ili apone ubovu huo. Atakwenda kwenye Kiingereza, ambako angalau wote ni wageni.

Cha tatu ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Najua walimu watacheka: hicho kila mtu amekisoma! Ndiyo, na kila mtu amefundishwa kwamba nchi ile iliyo angani ni fumbo la utawala wa kikoloni, akaandika hivyo katika mtihani na kukifunga. Kwa maoni yangu fumbo hilo limekiua kitabu kwa muda mrefu. Mwaka huu nilikisoma pamoja na watu ambao, kabla ya kupewa hifadhi, walilazimika kuketi mbele ya ofisa na kusimulia kilichowapata, wakijua kwamba maisha yao yako katika kusadikiwa. Sasa mtazame Karama. Ameshitakiwa, mshitaki wake ana cheo na ana nguvu, na silaha pekee aliyonayo ni masimulizi: habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, wakafungwa. Anasimulia siku baada ya siku mbele ya watu waliokwisha kuamua. Hata jina la nchi lina uzito mwingine hapa. Kijana mmoja alisema kwamba kosa la wale wajumbe ni kurudi. Sina la kuongeza juu ya uhakiki huo. Naona udhaifu wa kitabu pia, maana safari zile sita zinafanana mno, na kufikia ya nne msomaji amekwisha jua mjumbe atapokewaje. Lakini huenda mtu aliyewahi kuhojiwa mara sita kwa jambo lile lile asiuone huo kuwa ni udhaifu.

*Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, iliwapendeza vijana kuliko mimi. Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba ambaye hamjui, na safari yake hadi Kitale imesimuliwa kwa Kiswahili kitamu, pengine kitamu kupita kiasi, misemo ikipandana kama abiria wa teksi ya Isingiro. Mwisho wake nao umenyooka mno. Dunia niijuayo haimlipi yatima kwa ukamilifu namna hiyo. Nilisema hivyo, nikapingwa na chumba kizima. Msichana mmoja aliniambia kwamba mimi mwenye baba Mbarara siwezi kujua mwisho unaofaa ni upi. Kauli yangu naishikilia, na pingamizi lake nimeliandika hapa ili msomaji apime.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, naitaja kwa kifupi, kwa kuwa ugomvi wake ni wa zamani. Iliwahi kuzuiwa shuleni Tanzania, na hata leo wapo walimu wanaoirukia ukurasa baada ya ukurasa kwa aibu. Waonavyo wao, kitabu kinamhusu binti aliyepotoka. Mimi naona kinamhusu Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti kwa ajili ya barua, na naona kwamba wanaokificha wanamficha Zakaria.

Kwa kurasa zetu hizi, pendekezo langu ni dogo. Tusimpangie mwaka wa uchapaji mtu anayetuletea kitabu chake bora. Tumwulize alikisomea wapi, nakala ilitoka kwa nani, ilikwenda kwa nani baada yake, na alibishana na nani. Tukubali majina ya wanafunzi, washonaji na wauza mafuta ya taa pamoja na yale ya wahadhiri. Na chama chetu kinapotenga fedha za semina, sehemu yake inunue nakala kumi za riwaya moja zipelekwe mahali pamoja, ili watu kumi wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja na wagombane juu yake. Huko Juru na Rubondo nakala moja huzunguka miezi mingi, na msomaji wa mwisho huwa hana tena wa kuzungumza naye, kwa sababu wa kwanza amekwisha sahau au amehamishwa.

Orodha yangu ya mwaka ujao itaanza na *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999. Nakala tunayo moja. Kwa sasa iko kwa fundi wa baiskeli pale Base Camp, na zamu yangu ni ya saba.