MAMA ANAYENYONYESHA ASIACHWE PEKE YAKE

Tangu mwaka 1992, siku 7 za mwanzo wa mwezi wa Agosti zimekuwa zikiadhimishwa kuwa Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Hapa nchini wiki hiyo huwa na hotuba, mabango na ngoma. Viongozi husimama mbele ya kina mama na kuwakumbusha kwamba mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikie umri wa miaka 2 au zaidi. Maneno hayo ni ya kweli na yanastahili kurudiwa.

Hata hivyo, hotuba hizo karibu zote huelekezwa kwa mama, kana kwamba kunyonyesha ni jambo la mama kukubali au kukataa tu. Ni nadra kusikia waganga wafawidhi, wakuu wa idara, walimu wakuu na kina baba wakiulizwa wamefanya nini ili mama aliyekwisha kukubali apate kuweza. Swali hilo ndilo linalopaswa kujibiwa sasa.

Kina mama wameuitikia wito. Takwimu za taifa za afya na uzazi zaonyesha kwamba kati ya watoto wa chini ya miezi 6, waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 41 mwaka 2004-05, asilimia 50 mwaka 2010, asilimia 59 mwaka 2015-16, na asilimia 64 mwaka 2022. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini takwimu hizo hizo zaonyesha pia kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu hupewa maji, uji au maziwa mengine kabla ya wakati. Wala si kwamba mama zao walikataa kuwanyonyesha, kwa maana karibu kila mama wa Tanzania humnyonyesha mwanawe. Wengi wa kina mama hao walianza vizuri, wakapatwa na matatizo, wakakosa wa kuwasaidia.

Matatizo hayo huanza mapema mno. Mama aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku moja. Wakati huo matiti yake yana dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo yenye rangi ya njano, ambayo ni machache lakini yana kinga kubwa dhidi ya maradhi. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, na pengine huchelewa zaidi kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Basi siku ambayo matiti hujaa na kuuma, siku ambayo mtoto hushindwa kushika titi lililokuwa gumu kama jiwe, siku ambayo chuchu huanza kuchubuka na kutoa damu, mama huyo hayupo tena mikononi mwa mkunga. Yuko nyumbani, usiku, na mtoto analia.

Ni kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, tena siku ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena baada ya wiki 6. Ziara ya siku ya 3 haikuwekwa kwa kubahatisha. Hiyo ndiyo siku ambayo nusu saa ya msaada wa muuguzi mwenye subira yaweza kuokoa miezi 6 ya kunyonyesha. Pahali ambapo ziara hiyo hufanyika kwa maandishi ya daftari tu, bango la Agosti halitamfaa mama kitu.

Yafaa ieleweke kwamba mengi ya matatizo hayo yanatatulika. Chuchu zinazochubuka mara nyingi zatokana na jinsi mtoto anavyoshika titi. Akishika chuchu peke yake, mama huumia na mtoto hapati maziwa. Anatakiwa kufungua kinywa sana, kidevu chake kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani. Titi lililojaa mno hulegea mama akikamua maziwa kidogo kwa mkono kabla ya kumpa mtoto. Titi likiwa jekundu na la moto, na mama akapata homa, hana budi kwenda zahanati upesi, wala asiache kunyonyesha kwa kudhani kwamba maziwa yameharibika. Hayo yote hufundishwa kwa kuonyeshwa, mama akiwa amempakata mwanawe. Hayafundishwi kwa kipaza sauti.

Lalamiko kubwa kupita yote ni kwamba maziwa hayatoshi. Mtoto analia, na kila aliye nyumbani anasema ana njaa. Mama mkwe anashauri maji ya moto yenye sukari, jirani anataja mchango, wifi anakoroga uji mwepesi. Wazee hao hawana nia mbaya, nao wamelea watoto wakakua. Tena mila zina mengi ya kusifiwa. Desturi ya kumpumzisha mzazi siku 40, kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga au mtori, na kumwondolea kazi za nyumbani, ni msaada ambao hakuna hospitali iwezayo kuutoa. Mila hiyo haina budi kuhifadhiwa, hasa mijini, ambako wazazi wengi hukaa katika chumba cha kupanga, mbali na mama zao.

Kosa liko katika maji na uji. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto aliyeshibishwa maji hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kazi yake. Kwa hiyo dawa iliyotolewa kwa ajili ya uhaba wa maziwa ndiyo inayoleta uhaba wenyewe, na baada ya wiki moja kila mtu huamini kwamba mama huyo kweli hakujaliwa maziwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na jioni pengine hutaka kunyonya mfululizo. Hiyo si dalili ya njaa. Aidha, ni kawaida mtoto kupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha kuurudia katika muda wa wiki 2 hivi. Baada ya siku 5, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku na ambaye uzito wake unapanda, anapata maziwa ya kutosha.

Pamoja na hayo, si haki kudai kwamba hakuna mama ambaye maziwa yake hayatoshi. Wapo, ingawa ni wachache. Mtoto anayelala mno hata hawezi kuamka kunyonya, mwenye mdomo mkavu, asiyekojoa sawasawa, au anayezidi kuwa wa njano, yuko katika hatari na apelekwe hospitali siku ile ile. Ikibidi aongezewe maziwa mengine, aongezewe kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa kikombe kisafi. Na mama wa mtoto huyo asihukumiwe. Zipo nyumba ambamo mama mwenye shida hiyo huambiwa kwamba ni mvivu, au kwamba anaogopa matiti yake yatalala, au kwamba wazazi wamembemenda mtoto. Maneno ya namna hiyo humvunja moyo mtu aliyekwisha kuchoka, na humfanya afiche tatizo badala ya kulieleza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ana mzigo mkubwa zaidi. Yeye naye, akitumia dawa zake bila kukosa, hushauriwa kumnyonyesha mwanawe kwa kufuata maelekezo ya kliniki. Lakini kumchanganyia mtoto vyakula katika miezi 6 ya kwanza humwongezea mtoto hatari. Akikosa msaada wiki ya kwanza, gharama ya kukosa ni kubwa kuliko ya wengine.

Pahali penye mama aliyechoka na asiye na msaada, mfanyabiashara hupata nafasi. Dunia ilikwisha kulitambua hilo. Mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya makopo na chupa kwa kura 118, zikipingwa na kura moja tu, ile ya Marekani. Tanzania nayo ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzitunga upya mwaka 2013. Lakini kanuni humzuia mwenye kopo asitangaze tu. Hazimwonyeshi mama namna ya kumshikisha mtoto titi. Kazi hiyo inabaki kuwa ya watu.

Sasa inafaa kutazama maofisini na mashuleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda wa hadi saa 2 kwa siku. Inampa baba siku zisizopungua 3. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda. Sheria hizo ni nzuri. Lakini hesabu iko wazi: siku 84 ni wiki 12, na miezi 6 ni wiki 26. Mtumishi aliyeanza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua hurudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Hapo ndipo zile saa 2 zinakuwa ama daraja, ama maandishi matupu.

Kwa mwalimu ambaye shule yake iko mbali na nyumbani, au karani ambaye hupanda daladala mbili kufika kazini, saa 2 zilizokatwa vipande vipande hazitoshi hata njia. Huweza kumfaa iwapo ataruhusiwa kuziunganisha na kutoka mapema, au iwapo mtoto ataletwa karibu, au iwapo kipo chumba chenye mlango na kiti ambamo atakamua maziwa kwa heshima badala ya chooni. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji fedha za kigeni. Ratiba ya vipindi ikipangwa kwa busara, mwalimu anayenyonyesha hapewi kipindi cha mwisho wala zamu ya jioni, na wenzake hushika nafasi yake kama naye atakavyoshika yao. Mkuu wa ofisi anayemnunia mtumishi kwa sababu ametumia saa zake za kisheria haonyeshi uchapaji kazi. Anavunja sheria.

Tena wako wale ambao sheria hiyo haiwafikii kwa vitendo: mkulima, mama lishe, kibarua wa siku. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kukiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengi nchini. Mama wa namna hiyo hurudi shambani akiwa na mtoto mgongoni hata kabla ya siku 40, kwa kuwa jembe halina likizo. Msaada wake hutoka kwa mumewe na majirani, wala haupo mwingine.

Basi wajibu wa kila mmoja unajulikana. Zahanati na vituo vya afya vihakikishe kwamba mama haondoki kabla mkunga hajamwona akinyonyesha, na kwamba anaangaliwa siku ya 3. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wapewe kazi ya kubisha hodi kwa kila mzazi katika wiki ya kwanza. Mabalozi wa mashina na Umoja wa Wanawake wawajue wazazi wapya walio katika maeneo yao, na wawakutanishe na kina mama waliofaulu. Maafisa utumishi na walimu wakuu waziandike saa 2 katika ratiba bila kungoja kuombwa. Kina baba wateke maji, wapike, wafue nguo za mtoto, na wawaeleze wazee kwa adabu kwa nini mtoto hapewi maji.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai. Wananchi walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kulima mboga. Kampeni hizo zilifuatwa na kazi kwa sababu hazikumtaka mtu mmoja abebe peke yake jambo lililokuwa la wote. Unyonyeshaji nao ni hivyo hivyo. Mama amekwisha kutoa mwili wake, usingizi wake na nguvu zake. Wakuu wa kazi, waganga, walimu na kina baba bado hawajatoa sehemu yao, nao waianze katika wiki hii ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa leo.