Kibarua Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Mwezi huu sitasema juu ya mbolea wala wadudu. Nataka tuzungumze juu ya mtu anayeshika jembe katika mashamba yetu.

Sisi wa Mkoa wa Kigoma tumepakana na Burundi. Mvua zikikaribia, watu huvuka mpaka kuja kutafuta kibarua. Wanalima, wanapalilia, kisha wanarudi kwao. Kiha na Kirundi ni lugha zinazofanana, kwa hiyo tunaelewana nao. Lakini wengi wao hawana hati wala kibali.

Nikitembelea vijiji nasikia maneno mbalimbali. Mwenye shamba husema, "Bwana Shamba, vijana wetu hawataki jembe. Mrundi analima vizuri na bei yake ni nafuu." Kijana wa kijiji naye hujibu, "Jembe nalitaka. Lakini nikitaja bei ya haki naambiwa Mrundi atalima kwa nusu yake." Mwenyekiti wa kijiji husema, "Simjui mtu huyu ni nani wala ametoka wapi. Likitokea jambo nitaulizwa mimi." Na kibarua mwenyewe husema, "Kwetu ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Nimefuata chakula cha watoto."

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Basi tatizo liko wapi? Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Katika kijiji kimoja mkulima aliwachukua vijana 4 kutoka ng'ambo. Walilima muda wa wiki 3. Mimi ndiye niliyepima shamba lile, nalo lilikuwa ekari 3 kamili. Siku moja kabla ya malipo, mkulima yule alipeleka habari kwamba kuna wahamiaji wasio na kibali. Vijana walikimbia usiku. Hawakupata hata senti moja. Mkulima aliniambia huku akicheka, "Nimelimiwa bure." Mimi nilinyamaza. Leo nasema: nilikosea kunyamaza.

Msimu uliofuata hakuna aliyekwenda kwake, mgeni wala mwenyeji. Vijana wa kijiji walidai walipwe kwanza. Mahindi yake yalimezwa na majani.

Ndugu msomaji, kuwapa viongozi habari za mgeni asiye na kibali ni wajibu wa raia. Lakini kumficha mtu wakati wa kulima na kumtoa wakati wa kulipa si uzalendo. Ni wizi wa jasho. Tena wizi huo unamwumiza na mwenyeji. Kama mgeni anaweza kulimishwa bure, nani atamlipa kijana wetu bei ya haki?

Tukumbuke tulikotoka. Zamani za ukoloni babu zetu Waha walikwenda Tanga kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika la kuwatafutia wafanyakazi, likaitwa SILABU. Mkoa wetu ulitoa watu wengi. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mshahara ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa ngumu. Tukiwa wajukuu wa manamba, haifai tuwafanye wengine manamba.

Sasa tuangalie sheria. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Raia wake anaweza kuingia nchini bila viza, kwa kupita katika kituo cha mpaka akiwa na hati yake. Lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Kazi inahitaji kibali. Asiye na kibali ana kosa, na anayemwajiri ana kosa pia.

Je, mtu akikaa sana kijijini huwa raia? Hapana. Lazima aombe uraia na akubaliwe. Mwombaji awe amekaa nchini kihalali miaka mingi, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, waliondoshwa hata watu waliokuwa wamekaa hapa miaka mingi sana.

Lakini usimwite kila mtu mgeni. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2010 Serikali iliwakubalia uraia zaidi ya watu 162,000 kati yao. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Hao ni raia kama wewe na mimi. Tena Muha anayesema Kiha si Mrundi. Usimhukumu mtu kwa lugha yake.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kumpa mtu kazi, mwulize hati na kibali. Kama hana, usimwajiri. Mpeleke ofisi ya kijiji aelekezwe.

2. Patana mbele ya shahidi. Andikeni ukubwa wa shamba, kazi, malipo na siku ya kulipa. Sasa unajua kuandika, basi itumie kalamu yako.

3. Bei ya ekari iwe moja kwa kila mtu. Bei ikiwa moja, hakuna atakayemkimbia mwenyeji kwa kutafuta wa nusu bei.

4. Kazi ikiisha, lipa. Kazi iliyofanyika imefanyika, awe nani aliyeifanya.

5. Punguza kazi ya palizi. Panda mahindi kwa mistari, sentimeta 75 kati ya mistari, na sentimeta 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Shamba la mistari hupaliliwa upesi.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe jembe halafu umnyime ujira.

Mzungumze katika darasa lenu la kisomo: Hapa kijijini bei ya kulima ekari moja ni kiasi gani? Nani aliipanga? Je, wote wanalipwa bei hiyo?

Kazi njema. Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu